Karanga Nilizopeleka Kipwani

Shoga zangu, mmeniuliza sana. Tangu nirudi kutoka delta mnakuja, mnakaa barazani, mnaletewa chai na mihogo ya kuchemsha, kisha mnatazamana. Mnajua fika kwamba nyumba hii chai haikuwahi kutoka bila kisahani cha karanga. Mwajabu alifikia kuniuliza kama nimefilisika. Nami kila siku nawajibu "tutaongea," halafu nageuza maneno. Ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu, na mwenye aibu hasimulii safari. Sasa nimeshavuna upya, naweza kusema. Nimeandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mtanikatiza, nawajua.

Mtawanya hadi Kibiti

Mjukuu wangu Mwanaidi, yule niliyemlea hapa mpaka akaolewa, anaishi Kipwani, ndani kabisa ya delta, kule mto Rufiji unakogawanyika vidole vidole kabla ya kuingia baharini. Ana binti, Rukia, kitukuu changu cha kwanza. Wakati ninaondoka Rukia alikuwa na miezi kumi na alikuwa haongezeki. Kila akipelekwa kliniki, nesi anaweka alama kwenye kadi, na alama ya leo iko usawa ule ule wa mwezi jana. Nesi akashauri uji wa mtoto utiwe karanga. Mwanaidi akanipigia simu. Nikamwambia, "Karanga? Umesahau bibi yako nani?"

Kilo mbili nilimtumia siku ile ile kwa mkono wa nahodha wa boti. Mwezi ulipopita nikaona haitoshi, nipeleke mwenyewe, nimwone na mtoto. Nikajaza ndoo ya lita kumi, nikaifunga kifuniko kwa kamba. Karanga zangu mnazijua, nyekundu, nono, nimemenya zote kwa mikono hii. Na siri ya kumenya haraka ni ile ile yetu sote wa Mtawanya: jioni unayanyunyizia maganda maji, unafunika gunia, asubuhi ganda linaachia lenyewe na kidole gumba kinabaki salama. Alinifundisha mama, naye alifundishwa na mama yake. Hilo la maji lishikeni.

Bodaboda aliyenichukua alisimama mara tatu njiani, mara ya kwanza upepo wa gurudumu, mara ya pili machungwa, mara ya tatu sijui nini, akaongea na simu mpaka nikashuka nikajinyoosha. Tulipofika Kibiti jua lilikuwa limeshachukua mji. Nikaingia kwa mama ntilie wa stendi, nikaagiza chapati mbili na maharage. Mbele yangu ameketi binti mmoja mwenye boksi la bluu, yale ya kuhifadhia ubaridi, kalikumbatia kama mtoto mchanga. Koo langu lilikuwa kavu. Nikamuuliza, "Mwanangu, za ukwaju zipo?"

Akanitazama. "Za ukwaju?"

"Barafu. Kama hakuna ya ukwaju nipe ya ubuyu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Shikamoo, bibi. Humu hamna barafu za kuuza. Ni vipimo vya chakula."

Ndivyo nilivyokutana na Neema. Ni Msukuma wa Shinyanga, kwa hiyo mtani wangu, na kazi yake ni maabara. Wametumwa kuzunguka vijijini kupima nafaka na karanga, na siku ile alikuwa anakwenda Kipwani hiyo hiyo. Nikamwambia kama ni hivyo nauli yangu imeshapatikana, maana mtani hamwachi mtani njiani. Akasema gari lao lina nafasi, ila ndoo yangu niipakate mwenyewe.

Kibiti hadi Nyamisati

Barabara ya Nyamisati mnaijua kwa kusikia. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na gari likazama kwenye tope kabla hatujafika nusu. Dereva akatukatia matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Tulikaa kivulini chini ya mkorosho zaidi ya saa mbili, na hapo ndipo nilipouliza hicho chakula kinapimwa nini.

"Sumukuvu," Neema akasema. "Kuna kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zikikaa na unyevu, au zikipata ukame zikiwa shambani. Kuvu ile inatoa sumu. Huioni, hainuki, haina ladha. Ukichemsha haiishi. Ukikaanga usijidanganye kwamba imekwisha."

Nikamwambia, "Mtani, mimi nina miaka sitini na saba na karanga nimeanza kula kabla sijaota meno. Mbona niko hapa nakusumbua?"

"Uko hapa, alhamdulillahi," akasema Neema, na yeye ni Mkristo, nikampenda kwa hilo. "Lakini sumu hii haiui kwa siku moja. Inakwenda kwenye ini, kidogo kidogo, miaka. Na mtoto mdogo mwili wake ni mdogo, kiasi kile kile kwake ni kikubwa."

Nikaguna. Niliona ni maneno ya ofisini. Nikamenya chungwa, nikampa nusu.

Kisha akanieleza jambo ambalo lilinikaa kichwani. Alisema karanga zinazopanda meli kwenda nchi za mbali hupimwa bandarini. Huko wameweka kiwango, na kiwango chenyewe ni kidogo hata akili inakataa. Nikamwambia anipe mfano wa kikwetu. Akafikiri, akasema ni kama mtu adondoshe ndimu moja mtoni pale Utete, halafu wewe uchote maji huku chini ukaitambue. Mzigo ukizidi kiwango unarudishwa ulikotoka, uwe mkubwa namna gani. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu duniani kazi yao kutwa ni kuitafuta ndimu moja mtoni ili mtoto wa mtu wasiyemjua asidhurike.

"Basi watoto wa huko wanalindwa," nikasema. "Na huku kwetu?"

"Ndiyo maana nakwenda kupanda boti, bibi. Na maji naogopa."

Nyamisati, kungoja maji

Tulifika Nyamisati maji yamekupwa. Boti ya mashine ilikuwa imelala ubavu kwenye matope, na nahodha Seifu naye amelala ndani yake, kofia usoni. Ndiye yule niliyempa kilo mbili za mwanzo. Nikamwamsha.

"Bi mkubwa, hata ukinipigia ngoma," akasema bila kutoa kofia, "maji yatarudi yakitaka."

Tukala wali wa nazi na kamba kwa mwanamke mmoja pale gatini. Mwenzangu alimwogopa kamba kwa yale macho, nikamtania kwamba Msukuma mzima anatishwa na mdudu wa kwenye sahani. Alipokwisha kula watatu akaacha kuogopa. Akaniambia hata hawa kamba, wanaosafirishwa hupimwa, na barafu wanayolalishwa lazima iwe ya maji safi. Nilianza kuona kwamba kila kinachoingia mdomoni mwa mtu kina mlinzi wake mahali fulani, na mlinzi mwenyewe hana bunduki, ana chupa na kijikaratasi.

Nikamuuliza dawa ya kuvu ni nini. Akasema ipo njia moja iliyomshangaza hata yeye alipofundishwa. Kuvu ile ya sumu ina ndugu yake, wa damu moja, lakini huyu hana sumu. Wataalamu wamewatafuta hao wasio na sumu kwenye udongo wetu wenyewe, wakawapaka kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote, na mkulima anazimwaga shambani mazao yakiwa bado hayajakomaa. Ndugu mwema anaota haraka, anajaa kila mahali, yule mwenye sumu akija anakuta nafasi zimeshachukuliwa.

"Kwa hiyo hamumuui?"

"Tunamnyima pa kukaa tu."

Subhanallah. Nimelima miaka yote hii nikidhani udongo ni udongo, kumbe chini ya jembe langu kuna ndugu wawili wanagombea kiwanja. Nilitazama yale matope ya Nyamisati, na vikaa vidogo vinatoka mashimoni, nikawaza ni mangapi mengine yanatendeka mbele ya macho yangu na siyaoni. Maji yakarudi polepole. Boti ikajiinua yenyewe, Seifu akaamka.

Ndani ya delta mikoko inasimama pande zote mbili, mizizi juu, na njia za maji zinapindana hata hujui umetoka wapi. Neema alifumba macho safari nzima, boksi mapajani. Mimi nilipakata ndoo. Seifu akasema hajawahi kupakia wanawake wawili wenye mizigo midogo na wivu mkubwa hivyo.

Kipwani

Mwanaidi alitupokea mpaka ndani ya maji, khanga imelowa. Rukia nilipewa mikononi kabla sijakanyaga mchanga. Alikuwa mwepesi, wallahi. Macho makubwa, mkono mwembamba, ananitazama kama mtu mzima. Nikamwambia, "Subiri, mama. Dawa yako nimekuja nayo." Nikamkabidhi Mwanaidi ndoo kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaiingiza ndani bila kufungua. Ndivyo nilivyomfundisha. Zawadi haifunuliwi mbele ya aliyeileta, wala haichunguzwi, maana kuichunguza ni kumchunguza mtu.

Kesho yake asubuhi Neema akatandika meza yake chini ya paa la ofisi ya kijiji. Wanawake wakaleta mahindi. Mimi nilichelewa, nilikwenda kuwaamkia wazee wa mume wa Mwanaidi, na mnajua kuamkia kwenyewe kunavyokwenda, nyumba saba, vikombe saba. Nilipofika alikuwa ameshamaliza kueleza mambo yake na ameanza kazi.

Sikubandua macho. Alichukua bambo, lile bomba la chuma la kuchoma gunia, akachoma juu, katikati, chini, pembeni, kila mahali akatoa kidogo. Akaniambia sumu haikai sawasawa, punje moja inaweza kuwa imejaa na jirani yake ni salama, kwa hiyo ukichota mahali pamoja unajidanganya. Akachanganya, akasaga, akatia maji yenye dawa inayonukia spiriti, akatikisa, akaacha yatulie. Matone machache yakaingia kwenye kichupa, na ndani ya kichupa akasimamisha kijikaratasi chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Maji yakapanda kwenye karatasi, na mistari ikaanza kujitokeza, miekundu, kama kuna mtu ndani anaandika. Nilikuwa nimekwenda kuona mtoto, lakini hapo nilisimama kama nimepigwa msumari.

Mahindi ya mama wa kwanza yakatoa mistari miwili. Sasa nani katika sisi asiyejua kipimo cha malaria? Mistari miwili unayo, mmoja huna. Nikamshika bega nikamwambia, "Pole, dada." Akanitazama, akatabasamu. Nikasema moyoni, huyu ana subira. Yakaja mahindi ya Mwanaidi. Miwili tena. Nikaumia, maana huo ndio unga wa uji wa Rukia. Nikaona sasa ni wakati wa kuwaonyesha watu mazao yaliyotunzwa.

"Mwanaidi, kalete ndoo yangu. Nazo zipimwe."

"Za kwako, bibi?" Akainamisha macho. "Zawadi haipimwi."

"Nimesema mimi mwenye zawadi. Kailete."

Akaenda, akarudi. Neema akachota na kijiko kirefu, juu, kati, chini, akafanya yale yale yote. Nikasimama mbele kabisa, mikono kiunoni. Ukatokea mstari mmoja. Tukangoja. Mmoja tu.

"Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti, nikacheka. "Si niliwaambia? Hizo ndizo karanga."

Hakucheka mtu. Yule mama wa kwanza akatazama miguu yake. Neema akavua glavu, akaja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, hiki si kama cha malaria. Hapa sumu ikizidi inaufuta ule mstari wa pili. Miwili ndiyo usalama."

Nilisikia, ila sikuelewa kwa muda. Kisha nikakasirika. Nikamwambia amekosea, amechota mbaya, Msukuma anajua nini cha karanga. Hakunijibu kwa ukali. Akachota upya, akapima upya, mbele yangu, polepole. Mstari mmoja. Akaniuliza nazimenyaje. Nikamweleza habari ya maji na gunia, na nilipokuwa nasema nilijisikia ninavyojishitaki, maana kule kwenye mkorosho nilishaambiwa kuvu inataka nini. Inataka unyevu, na mimi kila jioni nilikuwa naifunika gunia ilale vizuri.

Nikakaa chini mchangani. Nikamuuliza swali moja tu. "Mwezi mzima amekula kilo mbili. Nimemuua?"

Neema akachuchumaa. "Bibi, nisikilize. Hiki kinapima karanga, hakipimi mtoto. Sitakudanganya kwamba hazikumdhuru, na sitakuambia kwamba ndizo zilizomfanya asikue. Sijui. Ninachojua ni kwamba kuanzia leo hizi asile. Na kliniki aendelee kwenda."

Kuna watu wangenifariji kwa uongo. Huyu binti alinipa ukweli wa kipimo chake, hakuongeza hata punje. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Mwanaidi akanijia, mtoto mgongoni. Alichosema ndicho kilichonifanya nisiweze kuwasimulia miezi yote hii. "Nilikuwa naziona zilizosinyaa, bibi, na nyingine nyeusi nyeusi. Kwa mtu mwingine ningechambua nitupe. Lakini zilitoka kwako. Niliona nikichambua nitakuwa nimekudharau."

Kumbe adabu niliyomfundisha mimi mwenyewe ndiyo iliyompitishia mtoto sumu mezani.

Tulizichimbia shimo jioni ile. Neema alisema zisimwagwe, kuku wasipewe, kwa sababu sumu inaweza kuturudia kwenye yai. Nilizimimina kwa mkono wangu, ndoo nzima, kazi ya msimu. Rukia siku hiyo alikula uji wa mahindi yale yenye mistari miwili, umetiwa yai na unga wa dagaa, na sehemu kubwa akajipaka usoni.

Kurudi, na baada ya kurudi

Ya njiani kurudi ni machache. Neema alifumbua macho kwenye boti mara mbili, akaniambia mikoko ni mizuri. Nahodha Seifu alikuwa ameshasikia habari, maana delta habari inakwenda mbele ya boti, akanirudishia nauli. Kibiti tukala chapati kwa mama ntilie yule yule. Tulipoagana nikamwambia Neema, "Mtani, zile za ukwaju siku nyingine usisahau." Akaniandikia siku wanazokuja Kibiti kupokea sampuli.

Ndipo mkaniona nalima kimya. Msimu huu niling'oa karanga zilipokomaa tu, sikuziacha zingoje nafasi yangu. Nilizianika juu ya turubai, si chini, mpaka ukitikisa ganda punje inalia ndani. Nikazimenya kavu. Kidole gumba hiki mlichoniuliza kimefanya nini, sababu yake ndiyo hiyo, hakuna tone la maji. Kisha nikachambua, zilizosinyaa zote shimoni. Nikaenda Kibiti na sampuli nilivyofundishwa, juu, kati, chini. Nilikaa kwenye benchi nikitazama kile kijikaratasi kwa hamu kuliko nilivyowahi kutazama mwezi wa Idi. Mstari wa kwanza ukatoka. Halafu, taratibu, wa pili. Niliomba nipewe kile kijikaratasi, wakanipa, nikakitia kwenye bahasha nikaibandika juu ya kifuniko cha ndoo mpya ya kumpelekea Mwanaidi.

Rukia ameanza kupanda kwenye kadi. Neema kanikataza kusema sababu ni nini, kwa hiyo sisemi. Nanyi kesho njooni chai, kisahani kitakuwepo. Mje na zenu pia, kila mtu na mfuko wake, maana maji tulikuwa tunanyunyiza wote, na Ijumaa gari la Neema linakuja.

La mwisho ni simu ya juzi. Seifu alikuwa amefikisha ndoo. Mwanaidi akanipigia, akaniamkia, akauliza hali ya nyumba, ya kuku, ya goti langu, akazunguka weee, nikajua kuna kitu kimemkaa kooni.

"Bibi," akasema, "usinichukulie vibaya. Nimeipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla sijafungua, naomba nikuulize. Zimepimwa?"

Shoga zangu, siku aliyonipigia kuniambia amejifungua salama sikufurahi hivyo. Nikamwambia asiniamini mimi, atazame kwenye bahasha. Nikasikia karatasi inachanwa.

"Miwili," akasema. Kisha nikasikia kamba ya kifuniko inafunguliwa, na Rukia kwa mbali anagonga bakuli.